Wingi Bila Hesabu: Uhakiki wa Majina ya Makundi ya Jazi, kwa Kutazama Kitale na Bungoma

1. Utangulizi

Msemaji wa Kiswahili asikiapo jina la mji wa Bungoma huelekea kusikia ngoma ndani yake. Sikio lake humpoteza, kwani jina hilo hunasibishwa na Wabong'omek, mojawapo ya jamaa za Wasabaoti, ambao walikaa pande hizo zamani. Kosa la namna hiyo, yaani kusikia neno moja ndani ya jingine na kuridhika na kilichosikika, ndilo lifanywalo mara nyingi na wale wanaoyahakiki majina ya makundi yetu ya muziki. Waonapo neno Jazz katika jina la kundi la Afrika Mashariki hudai kwamba wapigaji walikosea, maana muziki wao ulikuwa rumba, twisti au benga, wala haukuwa jazi ya Wamarekani Weusi. Tena hutafuta katika jina hilo idadi ya wapigaji, kama idadi hiyo inavyoonekana katika majina ya Kimarekani. Wasipoipata hukata shauri kwamba jina ni pambo tu.

Makala haya yanapinga maoni hayo, na yanakusudia kuthibitisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba majina ya makundi ya muziki katika Afrika Mashariki yana mantiki yake: hutaja mahali, hutaja mwenye kundi, hutaja ala, na hutaja kwamba watu ni wengi, lakini hayawahesabu. La pili ni kwamba mantiki hiyo, pamoja na uzuri wake, ina hasara, na hasara yenyewe humwangukia mpigaji asiye kiongozi. Kwa hiyo yeyote atungaye istilahi za jazi kwa Kiswahili, awe mwalimu, mtangazaji au mfasiri, hana budi kuyazingatia yote mawili. Asiulete mfumo wa kigeni mzima mzima, wala asiusifu wa kwetu bila kuupima.

Tumechagua kulitazama suala hili kutoka Kitale na Bungoma kwa sababu ya hali ya lugha ya miji hiyo. Reli iendayo Uganda imepita Bungoma, na tawi lake lilifika Kitale mwaka 1926. Kitale ulikuwa mji wa walowezi. Baada ya uhuru wa 1963 mashamba ya Trans Nzoia yaliwavuta watu wa lugha nyingi, hata Kiswahili kikawa chombo chao cha sokoni na cha starehe. Bungoma umezungukwa zaidi na wasemaji wa Lubukusu. Hivyo, katika mwendo wa kilomita zisizofika mia moja, mtafiti hukuta Kiswahili kinachounganisha wageni kwa wageni, na lugha nyingine ya Kibantu yenye msamiati wake kamili wa muziki. Zaidi ya hayo, miji hiyo iko mahali ambapo mikondo miwili ya majina ya bendi hukutana: mmoja unaotoka Nairobi, pwani na Tanganyika ya zamani, ambao umefuata Kiingereza, na mwingine unaotoka Kongo kwa njia ya Uganda, ambao umefuata Kifaransa.

2. Jazi ya Marekani na hesabu ya vichwa

Katika jazi ya Marekani kuna mfululizo wa istilahi unaopanda kama ngazi: solo, duo, trio, kwarteti, kwinteti, seksteti, septeti, okteti na noneti. Baada ya hapo ngazi hukatika, tukaingia katika bendi kubwa, ambayo katika miaka ya 1930 na 1940 ilikuwa na wapigaji kati ya 12 na 17 hivi, waliopangwa kwa vikosi vya saksafoni, tarumbeta na tromboni, pamoja na kikosi cha kushika mapigo. Mfululizo huu haukubuniwa na wapiga jazi. Waliurithi kutoka muziki wa Ulaya wa kupigwa katika vyumba vya watu wenye nafasi, ambamo kwarteti ya nyuzi ilikuwa mtindo unaojulikana kabla jazi haijapata jina.

Hata huko kwenyewe jazi haikuanza kwa kuhesabu. Kundi lililotoa sahani ya kwanza ya jazi mwaka 1917, Original Dixieland Jass Band, lilikuwa na watu watano, lakini lilijiita bendi, si kwinteti. Miaka minane baadaye, Louis Armstrong aliingia studio huko Chicago na kundi lililoitwa Hot Five. Na mwaka 1927 akatoa sahani kwa jina la Hot Seven. Hapo hesabu imeingia katika jina, tena kwa tarakimu za kawaida kabisa. Benny Goodman alikuwa na trio mwaka 1935. Alipoongezeka Lionel Hampton mwaka 1936, trio ikawa kwarteti. Jina lilibadilika kwa sababu ya mtu mmoja.

Hesabu hiyo ilikuwa na kazi nje ya muziki pia. Vyama vya wapiga muziki vya Marekani vilikwisha kupanga malipo kwa kichwa, na mwenye ukumbi aliyeajiri kwinteti alijua kwamba anawalipa watu watano. Bendi kubwa zilipozidi kuwa ghali baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wenye kumbi wengi walikimbilia makundi madogo. Kwa hiyo neno kwinteti halikuwa jina la sanaa tu. Lilikuwa pia mstari katika daftari la mishahara. Jambo hili ni muhimu kulikumbuka, kwa sababu wafasiri wengi huichukua ngazi hii kana kwamba ni sayansi safi ya ukubwa, ilhali ilizaliwa katika mahitaji ya watu wa mahali fulani.

3. Beni, bendi na jazi

Neno la Kiingereza lenye maana ya kundi la wapigaji limeingia Kiswahili mara mbili. Mara ya kwanza liliingia kama beni, katika miji ya pwani, mwishoni mwa karne ya 19. Beni ilikuwa ngoma ya kuiga gwaride na matarumbeta ya kijeshi, na ilienea bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kama alivyoeleza Terence Ranger katika kitabu chake cha 1975. Mara ya pili liliingia kama bendi, likiwa na maana ya wapigaji wenyewe na ala zao. Wa kwanza waliokopa waliidondosha konsonanti ya mwisho ambayo sikio halikuishika vizuri. Wa pili waliitunza, wakaiongezea irabu kama kawaida ya lugha yetu. Tumepata maneno mawili kwa mzizi mmoja wa kigeni, na kila moja lina maana yake.

Kwa hoja yetu, beni ina ushahidi mzuri. Vyama vya beni, kama Marini na Arinoti, vilikuwa na vyeo vingi vilivyoigwa kwa majeshi na kwa serikali za Wazungu. Mwanachama alijulikana kwa cheo chake. Jina la chama halikusema watu ni wangapi, bali mpangilio wa ndani ulisema kila mmoja ni nani. Tutaona kwamba ugawaji huu, jina lisilohesabu kwa nje na nafasi zinazojulikana kwa ndani, umeendelea hadi zama za gitaa la umeme.

Ama neno jazi, lilifika kwetu likiwa limefungamana na bendi. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz Band mwaka 1944. Léopoldville ilikuwa na African Jazz ya Joseph Kabasele kuanzia 1953, na OK Jazz kuanzia 1956. Guinea, mbali upande wa magharibi, ilikuwa na Bembeya Jazz kuanzia 1961. Hatuwezi kusema kwamba watu wa miji yote hiyo, waliosema lugha mbalimbali na kutawaliwa na mataifa mbalimbali, walikosea kosa lile lile. Hali kama hiyo kwa mwanaisimu haiitwi kosa. Huitwa upanuzi wa maana. Jazi ilitoka katika kutaja mtindo wa muziki, ikawa jina la kundi lenyewe la kisasa, la ala za kigeni, linalopigia watu dansi. Msemaji wa Kiswahili aliyesema jazi imekuja mjini hakuwa na maana kwamba mtindo wa New Orleans umewasili. Alikuwa na maana kwamba wapigaji wamefika.

Neno okestra nalo lilipoteza kipimo chake njiani. Huko Ulaya lilitaja kundi kubwa sana, lakini katika Kifaransa cha Kongo lilitumika kwa kila bendi ya dansi, ndogo kwa kubwa. OK Jazz yenyewe ilianza ikiwa na wapigaji wasiofika kumi, na katika miaka yake ya mwisho chini ya Franco ilikuwa na zaidi ya ishirini. Ukubwa ulizidi mara mbili na zaidi. Neno Jazz halikutikisika.

4. Mpangilio wa maneno katika jina

Jina la bendi ni tungo fupi, lakini lina sarufi. Katika mkondo wa Kiingereza neno kuu huja mwisho: Morogoro Jazz Band, Victoria Jazz, Shirati Jazz. Katika mkondo wa Kifaransa neno kuu huja mwanzo: Orchestra Makassy, Orchestra Virunga, Orchestra Super Volcano. Kiswahili, kama kila mwanafunzi ajuavyo, huweka neno kuu mwanzo: bendi ya Kitale, ngoma ya Bungoma. Lubukusu hufanya vivyo hivyo.

Matokeo yake ni kwamba jina la mkondo wa Kifaransa hukaa katika sentensi ya Kiswahili bila kusukumwa. Jina la mkondo wa Kiingereza halikai. Msemaji hulazimika kuliongezea neno kuu la Kiswahili mbele, akasema bendi ya Morogoro Jazz, na asiyejali husema hata bendi ya Morogoro Jazz Band, bendi juu ya bendi. Wakosoaji wa lugha hukaripia urudiaji huo. Sisi tunauona kuwa ushahidi. Unathibitisha kwamba katika sikio la msemaji Jazz na Band zilizoko mwisho wa jina hazifanyi tena kazi ya neno kuu. Zimekuwa sehemu ya jina la pekee, na kazi ya kutaja kundi imeangukia neno la Kiswahili lililo mbele.

Msikilizaji wa Kitale, aliyezoea kupata majina ya mikondo yote miwili kwa redio na kwa sahani, hakuhitaji kujua Kiingereza wala Kifaransa ili atambue kwamba Victoria Jazz na Orchestra Virunga ni vitu vya jinsi moja. Alichohitaji kujua ni kwamba Victoria na Virunga, ziwa na milima, ndizo zinazotofautisha. Neno la mahali ndilo lililobeba habari. Neno la kundi lilikuwa kibebeo tu.

5. Wingi bila hesabu

Tukiyachunguza majina hayo zaidi tutaona alama za wingi kila mahali. Kuna kikomo cha wingi cha Kiingereza katika Boys, Kids na Stars. Kuna kibainishi cha wingi cha Kifaransa, Les, katika Les Mangelepa. Kuna kiambishi wa- cha Kiswahili katika Wanyika. Kundi lililojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978 lilijiita Les Wanyika, jina lenye alama mbili za wingi, ya Kifaransa na ya Kibantu, zikifuatana. Hata hivyo hakuna lolote kati ya majina hayo linalotuambia kama watu ni wanne au kumi na wanne. Sarufi imetoa wingi, hesabu haimo.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Bunyore, kusini ya Bungoma, katika eneo lile lile la lugha za Kiluhya. Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola walipiga magitaa mawili na chupa ya Fanta, katika mtindo wa omutibo uliokwisha kupata umaarufu kwa George Mukabi. Kwa ngazi ya Kimarekani hao ni trio kamili. Wao walijiita Abana ba Nasery, yaani watoto wa chekechea. Na walipotumia ala za umeme sahani zao zilitoka pia kwa majina ya Mwilonje Jazz na Super Bunyore Band. Majina hayo matatu yanatuambia umri wa utani, mahali, na fahari. Idadi haikutajwa katika hata moja, ingawa watu watatu ndio waliokuwa kiini cha yote.

Tusidhani kwamba tabia hii ililetwa na bendi za gitaa. Huko Bungoma, na katika nyumba za Wabukusu wa Trans Nzoia, tohara hufanywa mwezi wa Agosti wa kila mwaka wa shufwa. Kijana anayejiandaa huzunguka kwa jamaa zake kuwaalika, akipiga chinyimba, kengele za chuma za mikononi, huku akifuatwa na waimbaji. Kundi hilo huanza na wachache na huongezeka kutoka boma hadi boma. Jina la idadi lingekuwa la uongo kabla jua halijachwa. Vivyo hivyo mpiga litungu, kinubi cha Wabukusu, huweza kuwa peke yake, au kuwa na mpiga siiri, yaani zeze la upinde, au kuwa na waitikiaji wote waliopo ukumbini. Katika Lubukusu yeye ni mwenye kuikhupa ala, na kitenzi hicho, kama kupiga kwa Kiswahili, hutosha kwa ala karibu zote. Kinachotajwa ni ala na mpigaji. Waitikiaji ni wenyeji wa shughuli.

Wajirani wao Waisukha na Waidakho wana isukuti, ambayo mwaka 2014 iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ngoma zake ni tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Hapa pana idadi kamili, tena isiyobadilika. Lakini mchezo haukuitwa kwa idadi hiyo. Uliitwa kwa jina la ngoma zenyewe. Tatu ni idadi ya ala na nafasi zake, si ya watu, kwa maana wachezaji na waimbaji ni wengi mno.

6. Udogo na ukubwa

Huenda msomaji akauliza: je, Kiswahili hakina njia ya kutaja ukubwa wa kundi? Kinayo, nayo ni ya ngeli. Huko Zanzibar kundi dogo la fidla, ngoma mbili ndogo na besi ya sanduku linaitwa kidumbak, na liliwahi pia kuitwa kitaarab. Kiambishi ki- kimefanya kazi iliyofanywa na neno la Kiarabu takht kwa kundi dogo, dhidi ya firqa kwa kundi kubwa. Lubukusu nalo hudogosha kwa kiambishi kha-. Lugha hizi hupima kundi kwa kulilinganisha na jingine, wala hazipimi kwa kuhesabu vichwa.

Lakini ki- ina sumu yake. Kitaarab ni taarab ndogo, na yaweza kuwa taarab isiyofikia taarab. Mtu akisema kibendi, msikilizaji hawezi kujua kama ameambiwa udogo wa idadi au udogo wa thamani. Katika jazi kundi dogo halina aibu. Mengi ya mabadiliko makubwa ya jazi baada ya 1940 yalianzia katika makundi ya watu wanne au watano. Kwa hiyo kudogosha kwa ki- hakufai kuwa istilahi.

7. Upatanisho wa kisarufi na haki ya mpigaji

Sasa tufikie hasara tuliyoitaja mwanzoni. Tazama upatanisho wa jina la bendi na kitenzi chake. Kwa Kiswahili cha kawaida tunasema: jazi imefika, imepiga hadi alfajiri, imelipwa, imeondoka. Kiambishi i- kimewameza watu wote. Jina lenye alama ya wingi wa watu huruhusu upatanisho mwingine: Wanyika wamefika, wamepiga, wamelipwa. Tofauti ya i- na wa- ni ndogo katika matamshi, lakini ni kubwa katika maisha. Katika sentensi ya kwanza aliyelipwa ni kitu kimoja, na kitu hicho kina mwenyewe.

Historia ya majina inaonyesha kwamba mwenyewe huyo mara nyingi hakuwa mpigaji. OK Jazz iliitwa kwa baa ilimozaliwa. NUTA Jazz ya 1964 iliitwa kwa chama cha wafanyakazi wa Tanganyika. Chama kilipobadilishwa jina, bendi nayo ikawa Juwata, kisha OTTU, ingawa wasikilizaji waliendelea kuijua kwa sauti zake. Mbaraka Mwinshehe alipoondoka Morogoro Jazz mwaka 1973 hakuondoka na jina. Alianza upya na Super Volcano. Waliotoka Simba Wanyika waliondoka na nusu ya jina, wakaiongezea Les. Jina lilikuwa mali, na mali ilibaki kwa mwenyewe. Mpigaji wa besi aliyekuwa amekaa ndani ya i- kwa miaka kumi alitoka mikono mitupu, kwa sababu hakuna mahali popote katika jina palipomtaja, hata kwa tarakimu.

Hapa ngazi ya Kimarekani, tuliyoikosoa, inatudai heshima. Neno kwinteti halimtaji mpiga besi kwa jina, lakini linamhesabu. Akiondoka, jina hudai mwingine au hubadilika. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inatambua haki za mpigaji pamoja na za mtunzi, na haki hizo hazitolewi kwa jazi, hutolewa kwa mtu. Lugha inayojua kusema imepiga tu, isiyo na desturi ya kusema wamepiga watu sita, tena nani na nani, inamfanya mtu huyo awe mgumu kuonekana. Hatusemi kwamba sarufi ndiyo iliyowadhulumu wapigaji; waliowadhulumu ni watu. Tunasema kwamba sarufi iliwapa pazia.

8. Kuhusu istilahi

Zipo njia tatu ambazo mtunga istilahi huvutwa nazo. Njia ya kwanza ni kukopa ngazi nzima kwa tahajia yetu: trio, kwarteti, kwinteti na kuendelea. Njia hii ina manufaa kwa mtaalamu anayesoma vitabu vya kigeni, lakini kwa msikilizaji wa Kitale maneno hayo hayana mzizi; seksteti na septeti zitamchanganya tangu siku ya kwanza. Mkopo mmoja ni wa hatari hasa: neno la Kimarekani la kundi dogo, likiswahilishwa, litakuwa kombo, na bendi itakayojitangaza kuwa ni kombo itakuwa imejihukumu kabla ya kupiga.

Njia ya pili ni kuunda nomino dhahania kwa u-: uwili, utatu, unne. Lakini Utatu umekwisha kuchukuliwa na kanisa, na katika nchi yenye madhehebu mengi kama pande za Bungoma, tangazo la Utatu wa Kitale litawaleta watu na vitabu vya nyimbo.

Njia ya tatu itawavutia wanafasihi. Ushairi wetu una ngazi yake iliyokamilika: tathlitha, tarbia, takhmisa, tasdisa. Kwa nini kwinteti isiitwe takhmisa? Tunakiri kwamba wazo hili lina mvuto. Takhmisa kwa asili ni kitendo: mshairi huuchukua ubeti wa mwenzake na kuuongezea mishororo hata ikawa mitano, kama Goodman alivyomwongeza Hampton. Hata hivyo ngazi hiyo huhesabu mishororo, na wasomi wameizoea kwa kazi hiyo. Kuipa kazi ya pili ni kuupunguzia ushairi usahihi bila kuuongezea muziki.

Tunapendekeza njia iliyo nyepesi kuliko zote hizo. Kwanza, kidahizo jazi kipewe maana mbili zilizo sawa kwa hadhi: (a) aina ya muziki ulioanzishwa na Wamarekani Weusi mwanzoni mwa karne ya 20, (b) kundi la muziki wa dansi, hasa lenye magitaa, katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Maana ya pili isiwekewe alama ya kosa wala ya uhuni. Pili, makundi yanayohesabiwa yaitwe kwa kirai: jazi ya watu watatu, jazi ya watu wanne, jazi ya watu watano, hadi tisa. Neno watu lisiachwe, kwa sababu sita, saba na tisa hazichukui kiambishi cha upatanisho. Tukisema jazi ya saba, msikilizaji ataelewa ni ya saba kwa kufika. Tena neno hilo linarudisha ndani ya istilahi kile kilichomezwa na i-. Ikiwa ala zinatakiwa kutajwa, zifuate: jazi ya watu watatu, ya piano, besi na ngoma. Tatu, kundi lenye vikosi vya saksafoni, tarumbeta na tromboni liitwe bendi kuu, na lililo chini yake liitwe bendi ndogo, kwa kivumishi, bila ki-.

Itasemwa kwamba virai ni virefu. Ni kweli, lakini urefu huo ni wa maneno ambayo kila mtoto anayajua, na matumizi yatayafupisha yanapotaka. Hot Five ya Armstrong haikuwa istilahi ya kitaalamu. Ilikuwa tarakimu ya kawaida iliyovaa nguo ya sherehe. Kiswahili kinaweza kufanya vivyo hivyo bila kwenda kuazima Kilatini.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba majina ya makundi ya muziki katika Afrika Mashariki hayakushindwa kuhesabu. Yalichagua kutaja mengine: ziwa, mlima, mji, chama, ala, utani, na ile hali ya kuwa wengi pamoja. Uchaguzi huo una mizizi katika ngoma za humu humu, kama mifano ya chinyimba na isukuti inavyoshuhudia, na neno Jazz lilipofika liliingia katika mpango uliokuwapo. Mhakiki anayelikaripia anakaripia historia ya lugha.

Lakini tumeona pia kwamba jina lisilohesabu ni rahisi kumilikiwa na asiyepiga. Kwa hiyo tunawashauri watafiti wa idara zetu wasiridhike na kukusanya majina ya bendi tu. Waendapo Kitale, Bungoma, Webuye na kwingineko, wamwulize kila mzee aliyewahi kupiga: mlikuwa wangapi, nani alishika solo, nani rizimu, nani besi, nani alipuliza, nani aliitikia, nao waandike majibu kwa kiambishi wa-. Orodha za namna hiyo zitasaidia isimu, kwa kuwa zitatuonyesha maneno ambayo wapigaji wenyewe walitumia kwa nafasi zao, na maneno hayo ndiyo yanayostahili kutangulia istilahi zozote za mezani, pamoja na hizi zetu. Zitamsaidia vilevile mpiga besi, au watoto wake, siku watakapoulizwa uthibitisho kwamba alikuwapo.